Dereva wa Gunia, Kona ya Mbagala

Cheka ukipenda, lakini haya niliyaona kwa macho yangu, jua la utosi, sijalewa wala sijasinzia.

Ilikuwa enzi za Ujamaa. Lami mpya ilipofika kwenye mteremko wa Mbagala, magari yakawa yanakuja mbio, yakifika konani yanaporomokea bondeni. Sisi mafundi tukapewa kazi ya kubuni ukingo wa kuyazuia: nguzo za mkongo, ule mti mgumu, juu yake vyuma vipana. Sasa utajuaje kama unafaa? Tulilipakia mchanga lori bovu, tukalifunga usukani kwa kamba, tukaliachia mteremkoni likaugonge ukingo lenyewe. Raha ya kazi ile, we acha tu!

Siku hiyo injinia akataka tuketishe mtu wa gunia penye usukani, tuone binadamu angeumiaje. Tukashindilia pumba, tukamvisha shati la kaki tulilookota bondeni. La nani? Hakuna aliyeuliza.

Injinia akapuliza filimbi, lori likaachiwa. Mimi nilikuwa ng'ambo ya kona. Mara namwona Chande, rafiki yangu, kachuchumaa nyuma ya ukingo anakaza nati! Filimbi hakuisikia. Nikapiga kelele, mngurumo wa magurudumu ukazimeza. Jamani, roho ilinitoka. Mkewe alikuwa amejifungua juzi tu.

Ndipo honi ikalia. Niamini, betri tulikuwa tumeing'oa! Na pale dirishani halikuwa gunia tena. Alikuwa mwanamume mwenye ndevu, jasho linamchuruzika, anapunga mkono.

"Toka hapo, ndugu yangu! Toka!"

Chande akaruka. Ukingo ukakatika palepale alipokuwa, lori likatumbukia bondeni.

Tukashuka mbio. Gunia lilikuwa limekaa kimya, pumba tupu. Nikaligusa lile shati: limelowa jasho, tena la moto.

"Nani alikuwa anaendesha?" Chande akauliza. Mimi nikawa nacheka huku nalia.

Wenyeji wakatuambia kuna dereva aliyefia pale na abiria wake wote. Shati tukalizika kwa dua. Nguzo tukazisogeza zikaribiane, na lori la pili likagonga, likarudi barabarani. Tulishangilia mpaka sauti zikakauka! Lakini hadi leo, honi ikilia nyuma yangu, naruka kwanza ndipo nageuka.

Nawe nakuonya: nguo ya barabarani usiiokote. Mwenyewe huenda bado yuko kazini.