Vitunguu vya Bikira Maria

Suzana, ambaye Rwamgasa nzima humwita Mama Innocent, alijitia kitanzi kwa maneno yake mwenyewe, mchana kweupe, mbele ya wachimbaji wote wa kilima kile.

Siku hiyo duara alimokuwa mwanawe lilikuwa limeporomoka. Duara ndilo shimo la dhahabu, na la Innocent lilikuwa refu kuliko kamba za majirani. Wanaume walikuwa wakitoa udongo kwa ndoo. Suzana akapiga magoti ukingoni, akainua mikono na kuita kwa sauti ya muuza soda aliyezoea kushindana na mashine za kusaga mawe:

"Mama Maria! Nirudishie mwanangu, na Pasaka ijayo nitakuletea maua ambayo Rwamgasa haijawahi kuyaona!"

Jua halijatua, Innocent akatolewa mzima, mwekundu kwa tope kama tofali bichi. Neno lake la kwanza lilikuwa kuomba soda ya baridi. Mama yake akakimbia kuifuata huku akilia na kucheka kwa pamoja. Watu wakashangilia, kisha wakaenda zao, kila mmoja akiwa ameikariri ile nadhiri neno kwa neno.

Angeahidi maua basi, asingepata shida. Kigangoni palikuwa na ya plastiki, ambayo yeye mwenyewe huyaosha kwa sabuni kila Ijumaa Kuu. Angechuma mabichi mahali popote, watu wakamshukuru. Lakini hilo "haijawahi kuyaona"! Rwamgasa si kijiji cha watu waliozaliwa hapo wakabaki hapo. Dhahabu imewakusanya kutoka kila kona, na kila mmoja amekuja na macho yake. Suzana alipoleta waridi, mzee George, aliyewahi kufanya kazi Mwadui, alilinusa akacheka.

"Haya nilikuwa nayamwagilia kwenye nyumba za mabwana wa almasi. Peleka mbele, Mama Innocent."

Alipoleta yungiyungi, Mzinza mmoja akasema kwao ziwani yanakanyagwa na ng'ombe.

"Sasa ninyi watu mnataka nini?" Suzana akauliza, mikono kiunoni.

"Sisi? Sisi hatutaki kitu," akasema George. "Anayedai ni Bikira Maria. Sisi ni mashahidi tu."

Walicheka wote. Suzana naye alicheka, lakini cheko lake halikufika tumboni. Innocent alikuwa amesharudi kuchimba. Kila asubuhi alipomwona anafunga tochi kichwani, moyo ulimwambia kwamba huyu bado hajapewa, ameazimwa tu. Na kitu cha kuazimwa mwenyewe huja kukichukua.

Msaada ulitoka kwa Kantaben, Mhindi mwenye duka la koleo na kamba mjini Geita. Mama huyu alizaliwa Shinyanga, na Kisukuma chake huwaaibisha Wasukuma wanaojifanya wamekisahau.

"Shikamoo, Mama Mihir."

"Marahaba. Mwangaluka, mayu!" Kantaben akamwamkia mama mwenzake kwa Kisukuma. "Mbona uso umekunjamana kama karanga?"

Suzana akasimulia. Kantaben akasikiliza hadi mwisho, kisha akaingia ndani na kutoka na mfuko wa karatasi. Mwanawe Mihir, anayefanya kazi Uholanzi, alikuwa amekuja kusherehekea Diwali, na zawadi aliyomletea mama yake ilikuwa hii. Suzana akachungulia.

"Vitunguu?"

"Vitunguu vya maua. Vinaitwa tulipu. Mwaka juzi alileta vingine, nikavipanda hapo nyuma. Vilitoa majani, vikakaa, vikaoza. Ua hata la dawa sikuliona."

Mihir, aliyekuwa akihesabu misumari, akadakia. "Nilishakwambia, Mama. Kule kwao vinalala chini ya theluji miezi kadhaa. Vikiamka, vinajua baridi imekwisha, ndipo vinachanua. Hapa vinaamka haviijui hata baridi yenyewe. Vidanganye. Viweke kwenye friji."

"Kitunguu hakiingii kwenye friji yangu," akasema Kantaben kwa ukali. Nyumba yao ni ya watu wasiokula nyama wala kitunguu, na mama huyu hakutaka kujua kama ni cha maua au cha mchuzi. "Mayu, wewe una friji ya soda. Chukua vyote. Vikichanua, niitie nije nione."

"Wabeja, Mama Mihir," Suzana akashukuru kwa Kisukuma. Akaondoka na ule mfuko kifuani, akitembea polepole kama aliyebeba mtoto aliyelala.

Ikawa hivyo. Tangu Majilio, rafu ya chini ya friji ya Suzana ililaza vitunguu, na rafu za juu zikaendelea na biashara. Ila friji ya soda si theluji ya Uholanzi. Rwamgasa ina joto na vumbi, na mchimbaji akitoka duarani hachagui soda kwa macho. Anafungua mlango, anaingiza kichwa, anatulia humo kama amefika kwao.

"Funga! Unaniharibia majira!" Suzana alikuwa akipiga kelele.

"Majira gani, mama?"

"Ya baridi! Kila ukifungua unatoka na kipande!"

Umeme nao ukawa unaenda na kurudi utakavyo. Ukikatika, Suzana aliizungushia friji mablanketi, wapita njia wakauliza mgonjwa anaendeleaje.

Kisha akaja Mageni, wifi yake, mwenye kibanda cha chakula jirani. Siku moja Suzana alikwenda Kharumwa kwenye msiba. Mageni akaishiwa vitunguu, mafuta yakiwa tayari yanachemka. Alikumbuka mfuko wa wifi yake. Aliporudi Suzana, akawakuta wachimbaji wamekaa wanatema mate, midomo inawawasha.

"Wifi, vitunguu vyako ni vibovu," Mageni akalalamika kabla hata ya salamu. "Havina harufu, na vikali kama dawa ya minyoo."

Suzana alishika kichwa. "Mageni! Umempikia nani vitunguu vya Bikira Maria?"

Wale wachimbaji waliacha kutema. Mmoja akajishika tumbo, akauliza polepole kama ilikuwa dhambi. George akamwambia aende akaungame, na pia anywe maji mengi. Hakuna aliyepata zaidi ya msokoto wa tumbo, lakini mfuko ulikuwa umepungua nusu.

Jumatano ya Majivu, akiwa bado na majivu kwenye paji la uso, Suzana aliviatika vilivyobaki kwenye ndoo ya rangi, akaiweka kivulini nyuma ya banda, akawa anavimwagilia maji kutoka kwenye friji. Kwaresima nzima altare haiwekwi maua, kwa hiyo hakuna aliyemharakisha. Majani yakatoka, mapana, ya kijani chenye vumbi la fedha. Lakini hayakurefuka. Mihir alikuwa amemwonyesha picha kwenye simu, maua yamesimama wima kama askari. Haya ya kwake yalichuchumaa.

Jumamosi Kuu aliyatenganisha majani kwa vidole. Mle ndani, karibu kabisa na udongo, palikuwa na maua mekundu yaliyofumba, vijiti vyake vifupi kama kidole gumba. Hata kisu kisingepata pa kukata. Baridi iliyoibwa kidogo kidogo mlangoni mwa friji ilikuwa imeondoka na urefu wote.

Akakaa chini. Angepeleka nini sasa altareni, ndoo ya majani?

"Peleka hiyohiyo ndoo," Innocent akamwambia. "Uliahidi maua, mama. Hukuahidi vijiti."

Asubuhi ya Pasaka Innocent mwenyewe aliibeba ndoo hadi kigangoni, akaiweka sakafuni, miguuni pa sanamu ya Bikira Maria. Joto la watu lilipopanda, maua yakafumbuka. Ila kutoka kwenye viti hakuna aliyeona kitu. Baada ya misa watu wakasogea, wakainamisha shingo, wakaona majani. Ili kuyaona maua ilikupasa kupiga magoti, tena ushushe kichwa. Basi wakapiga magoti, wachimbaji na wake zao, kwa zamu, na Kantaben katikati yao akiwa amekusanya sari yake mkononi. Katekista Anatoli, anayewagombeza kila Jumapili kwa kupiga magoti kivivu, alifunga kitabu akajipanga kwenye zamu.

George alikuja mwisho, magoti yakilia. Akainama, akachungulia kwa muda mrefu kama anayetafuta rangi ya dhahabu kwenye jiwe. Suzana alisimama nyuma yake.

"Mama Innocent," akasema mzee bila kuinua kichwa, "Mwadui hayakuwapo. Haya sijayaona."

Suzana akamshika mwanawe mkono, akaubana. Sasa alikuwa wake, si wa kuazimwa tena.

"Wifi," Mageni akamnong'oneza, "na humo chini, vitunguu bado vimo?"

"Mageni!"