Mayai Saba ya Mnana

Saa ya ukutani sebuleni kwa Bibi ilionyesha saa kumi na dakika ishirini, alasiri, kunguru aliposhuka uani akanyakua kifaranga cha mwisho cha Bibi. Enzi zetu, Mji wa Kale kila ua ulikuwa na kuku wake. Ua wetu ulikuwa na zaidi: mti mkubwa wa mkungu uliojaa viota vya mnana, vikining'inia kama vikapu vidogo. Tulikula viazi vya karai chini yake, achari ikitutiririka hadi viwikoni, na wale ndege wa manjano wakipiga kelele kama watoto waliofunguliwa chuo cha Kurani. Macho ya Bibi yalikuwa yameshaingia ukungu.

"Wakianza mnana, najua kumekucha hata kama sioni," alikuwa akisema.

Siku ile ya kifaranga alighadhibika. "Yai moja la kunguru, thumni moja!" alitutangazia, mimi na Mwanaisha, binti wa ami yangu. Thumni, kwa waliosahau, ni nusu shilingi, na enzi hizo ilishibisha watu wawili kachiri.

Kiota cha kunguru kilikuwa juu kabisa. Nilipanda, kunguru wakanidonoa, nikarudi chini na nundu mbili kichwani, mikono mitupu. Viota vya mnana vilikuwa karibu, kwenye ncha za matawi. Nikachukua upembo wa kuchumia kungu, Mwanaisha akatandaza leso, nikavivuta taratibu, kimoja kimoja. Tukapata mayai saba ya kibuluu yenye madoa, kama ya kunguru kwa rangi, ila madogo.

Bibi aliyapapasa. "Mume wangu," aliniambia, kama mabibi wa Pwani wanavyowaita wajukuu wao wa kiume, "mbona madogo hivi?"

"Kunguru wa siku hizi hawali wakashiba, Bibi," alidakia Mwanaisha.

Akacheka mpaka leso ikamteleza kichwani. Akafungua pindo, akatulipa.

Mnana waliuzunguka mti siku kadhaa, kisha wakaondoka. Msimu uliofuata hawakurudi. Asubuhi moja Bibi aliniita kutoka kitandani. "Mume wangu, mbona kumenyamaza? Hakujakucha?"

Jua lilikuwa limeshafika dirishani.

"Bado, Bibi," nilimjibu. "Lala."

Ukubwani nilijisomea mwenyewe, kitabu baada ya kitabu, elimu ya kuhifadhi viumbe. Nilijifunza kwamba kunguru wale si wa huku. Waliletwa na watu, wakanenepa kwa taka zetu. Nilijifunza pia kwamba ndege hawatoweki duniani kwa siku moja: hutoweka kwanza kwenye mti mmoja, kisha mtaani. Sisemi tumewamaliza sisi wawili. Mnana wangalipo, kila Jumamosi huwahesabu kule Tudor, kando ya mikoko, nikaandika daftarini. Lakini kwenye mkungu wetu naandika sufuri, na sina kunguru wa kumsingizia.

Binti yangu ana sauti ya mnana ndani ya simu. Huiweka imwamshe aende kazini, naye huizima kwa kidole akajifunika tena. Ya kwetu haikuzimika kwa kidole. Ilitaka upembo, leso na uongo mmoja.

Bibi alishatangulia mbele ya haki, bila ya kuniuliza tena. Hesabu ya siku ile nimeirudia mara nyingi, nayo haibadiliki: mayai saba, shilingi tatu na thumni.