Ramani ya Mijusi Niliyoishona kwa Uzi

Harufu ya pasi ya makaa juu ya kaki mbichi: huo ndio utoto wangu. Mama alikuwa fundi cherehani kutoka Bukavu, na kibanda chake kilikuwa karibu na soko la Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi nilimozaliwa. Mchana kutwa mijusi walipanda na kushuka ukutani, na wateja wakiwafukuza kwa kandambili mimi nilikuwa nawatetea.

Kiangazi kimoja mwalimu wetu wa sayansi, Mmalawi aliyecheka kwa nadra, alitutaka tuchore ramani za mijusi: wenyeji wanaishi wapi, na walioletwa na watu wanaishi wapi. Ramani bora zingepelekwa kwenye maonyesho ya shule Lilongwe, na wenye ramani wangezieleza mbele ya watu. Niliitaka nafasi ile kuliko kitu chochote. Penseli za rangi sikuwa nazo, ila nyuzi tele. Nikachukua kipande cha kitambaa cha marekani nikaanza kushona, kijani kwa wenyeji, nyekundu kwa walioletwa. Kumbe uzi mwekundu ulikuwa wa sare za kwaya! “We mutoto, mijusi njo itatupatia unga?” mama akafoka. Jioni yake aliketi kando yangu akanyoosha mishono iliyopinda.

Nilizunguka kambi nzima. Mjusi mwenye mistari, anayeng’aa kana kwamba amepakwa mafuta, alikaa kwenye majani makavu kando ya mashamba ya mahindi. Mwenye kichwa cha buluu alipenda mawe na kuta zenye jua. Yule mweupe, ambaye mwalimu alisema aliingia na mizigo, nilimkuta kwenye kuta zenye taa: sokoni, ghalani na kanisani. Mashambani sikumwona hata mmoja. Siku nilipoona mishono myekundu imefuata barabara ya malori yatokayo mji wa Madisi, nilipiga yowe. Mwenye macho haambiwi tazama, na mimi nilikuwa nimeona.

Ramani ikachaguliwa. Tulipata kibali cha kutoka kambini, nikavaa gauni la Pasaka, tukaenda na mama hadi City Centre, Lilongwe. Mwandalizi, mama mmoja anayenukia vizuri, aliitupia ramani jicho moja tu, kisha akaniinamia. “Ukisimama, sema wewe ni kama huyu mjusi wa uzi mwekundu. Umetoka mbali, unaomba upokelewe. Watu watalia.”

“Hapana, mama,” nikasema. “Mimi si mjusi. Nataka kueleza ile barabara.”

Akatabasamu, akalikata jina langu kwenye orodha. Wenzangu wakaitwa, wakamaliza, mimi sikuitwa. Nikamtazama mama yangu. “Simama,” akaninong’oneza, “useme ile unajua.” Nikasimama bila kuitwa. Nilieleza malori, taa na mashamba. Hakuna aliyelia. Mzee mmoja aliuliza kama mweupe anakula mbu, nikamjibu kwamba anawala vizuri sana. Zawadi sikupata, na ramani yangu ilitundikwa nyuma ya mlango. Nilikasirika, na hasira ile sijaijutia mpaka leo.

Sasa mimi ndiye ninayefundisha sayansi Dzaleka. Mashamba ya mjusi mwenye mistari yamejaa nyumba, upande ule simwoni tena, na inaniuma kweli. Wageni wenye kamera hawajaacha kuja, wala hawajaacha kutafuta machozi. Majuzi mmoja alimkuta mwanafunzi wangu wa kike ameshika mjusi kiganjani, akamuuliza anajisikiaje kuwa mkimbizi. Nilifungua mdomo nimkatize, lakini binti aliniwahi.

“Nishikie kwanza huyu, mi niandike,” akamwambia. “Usivute mukia, utakatika.”

Mgeni akaiacha kamera ining’inie shingoni, akampokea mjusi kwa mikono miwili. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, “Huyu anaishi wapi?”