Kabichi za Shingoni mwa Mama Zawadi

Nilitoka Songea kwa basi, nikalala Morogoro, nikabadili gari Segera, na kutoka Mombo tukaanza kupanda, korongo likiwa upande wangu kila kona. Nilishuka Lushoto na cheti cha kidato cha nne. Nilidhani nitakaa msimu mmoja.

"Shikamoo, mkuu," nilimwamkia Mkuu wa Maabara ya hospitali nilikokuja kuanza kazi.

"Marahaba. Mbona unayumba?"

"Ni barabara, mkuu."

"Barabara imekwisha. Shika kisu."

Vijana mnaoanza sasa, kazi yetu ilikuwa hivi: nyama ya mgonjwa tuliizamisha kwenye nta, tukaikata vipande vyembamba kuliko karatasi, tukaitia rangi na kuitazama kwa hadubini. Mimi nilipenda tezi za limfu, zile zinazovimba shingoni mtu akiugua. Ndani yake seli B, zile zinazotengeneza kingamwili, hazikai ovyo. Hujikusanya katika vifundo vya mviringo karibu na ukingo. Seli T, wenzao katika kinga ya mwili, hukaa kati ya vifundo na ndani zaidi. Tezi ikipambana na maradhi, kifundo huota kiini cheupe, na humo seli B huzaliana na kuchujwa.

"Kabichi pembeni mwa shamba," mkuu aliviita vifundo hivyo.

Mama Zawadi, mkulima wa Mlola, alikuja shingo imevimba. Alikuwa ameshachomwa sindano kwenye uvimbe, lakini seli zilizovutwa hazikutoa jibu.

"Hizi ni kabichi kwenye gunia," mkuu alilalamika. "Nitajuaje zilipandwaje? Saratani mara nyingi huvuruga shamba zima. Nataka tezi nzima."

Mama akagoma. "Uvimbe ukikatwa unaamka. Dada yangu alikatwa, hakuona mavuno."

Nikamkalisha kwenye hadubini, nikamwonyesha tezi yetu ya kufundishia. Alitazama kwa muda.

"Kumbe mnatafuta mpangilio."

"Ndiyo, mama."

"Basi kateni. Mkikuta magugu, msinifiche."

Daktari wa upasuaji aliitoa tezi, nami nikaikata vipande mwenyewe. Vifundo vilikuwa ukingoni, kila kiini na upande wake wa giza, seli zinakozaliana, na wa mwanga, zinakochujwa, kama inavyotakiwa. Mkuu alitazama, kisha akacheka.

"Mwiteni mwenye shamba!"

Haikuwa saratani. Tezi ilikuwa inapambana na maambukizi, nayo yalitibika.

Miaka ikapita, miguu ikaanza kuniwasha kwa hamu ya safari, nikaaga. Gari liliposimama Soni, Mama Zawadi alikuwa akipakia mazao. Alinisukumia kabichi dirishani.

"Unahama kweli? Haya, niambie kwanza." Akainua kidevu, kovu likaonekana. "Zangu bado zimejipanga?"

"Zimejipanga, mama."

"Basi nenda."

Gari likaanza kushuka, kabichi imetulia mapajani.