Vumbi la Bangili za Kwaya

Maingi hajawahi kuacha nyama sahanini, na wenye bucha wa Soko la Burma wanamjua hivyo. Siku ile aliiacha. Alinawa mikono, akarudi bombani akanawa na uso, kisha akampigia simu mkewe Muthoki. Simu ikaita weee, haikupokelewa.

Kisa ni mzee Odero, aliyekuwa mtunza stoo wa depo ya mafuta kabla ya kustaafu. Alikuwa amepita kibandani kwa Maingi, pale Shauri Moyo, kutengenezewa bawaba. Akaona spana ya rangi ya dhahabu imebanwa kwenye jiliwa, nusu imeshakatwa.

"Hii umeitoa wapi?"

"Kwa watu wa skrapu. Shaba ngumu hii, mzee. Nakata bangili, haichuji upesi."

"Si shaba tupu, ndugu yangu. Ina beriliamu ndani. Depo tulizitumia kwa sababu hazitoi cheche penye petroli. Ikiwa nzima haina neno, lakini usiikate wala usiipige tupa. Lile vumbi likiingia mapafuni, mtu anakohoa, anatibiwa TB, hapati nafuu."

Maingi alicheka, maana akiogopa hucheka. Kisha akamkumbuka Muthoki, kicheko kikamkauka.

Fundi huyu, kwa ujanja wake, hakuwa akimalizia kazi kibandani. Shauri Moyo ukitengeneza kitu kizuri asubuhi, kufika mchana kibanda cha pili wanacho. Basi alibeba bangili mbichi hadi nyumbani Kayole, Muthoki akazisugua kwa msasa. Yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha: sugua, puliza, tazama kama mikwaruzo imeisha, sugua tena. Na Muthoki alikuwa na pumzi ya kupuliza! Ndiye aliyeongoza sauti ya pili kanisani. Tangu Pasaka, akipanda ngazi hupumzika kila ghorofa, na kikohozi chake kikavu kimewashinda watu wa kliniki ya mtaani. Hata hivyo Maingi alizidi kumhimiza, kwa kuwa kwaya nzima ya akina mama ilitaka bangili za kufanana siku ya Jumapili.

Hakuweza kutulia. Alirudi kibandani, akakifunga, akakifungua tena, akaichukua ile spana bila kujua anaipeleka wapi, akafunga. Njia nzima ya Kayole alipiga simu. Ngazi alizipanda mbili mbili. Alipofika ghorofa ya tatu akasikia nyimbo kutoka kwake, akafurahi kama mjinga. Anaimba, basi hajambo! Akausukuma mlango.

Kwaya ilikuwa imekuja kumsaidia Muthoki. Akina mama walijaa kwenye makochi na mikeka, kila mmoja na kipande chake cha msasa, wakiimba huku wanasugua. Muthoki hakuwa na pumzi ya kuimba. Yeye alikuwa akielekeza.

"Puliza, Mama Nekesa, uone inavyong'aa."

"Acheni!" Maingi akapaza sauti. "Wekeni chini! Mtu asipulize tena!"

"Wacha tu, anaogopa tutamwibia biashara," Mama Nekesa akatania, na wenzake wakaangua kicheko. Mmoja akainuka na ufagio ili amfagilie mwenye nyumba. Maingi akamnyang'anya.

"Vumbi litaruka. Lowesheni matambara, mpanguse." Akawaeleza palepale mlangoni, maneno yakimgongana mdomoni, yote aliyoyasema Odero.

Mama Nekesa alijipangusa midomo kwa pembe ya leso. Muthoki hakumtazama mumewe. Aliwatazama wenzake mmoja baada ya mwingine.

"Baba Mwende," akamwambia mumewe bila kugeuka, "mimi nimewafundisha hawa tangu asubuhi. Sasa niwaambie nini?"

"Waambie mimi ndiye niliyekufundisha. Kesho tunaenda hospitali sote, na spana hii nitaibeba daktari aione."

Muthoki akataka kujibu, kikohozi kikamkatiza. Safari hii chumba kizima kilikisikiliza.