Sufuria ya Mwanamvua Iliyokwenda Kambini

Mwaka ule Warundi walipojaa kambini na magari meupe ya mashirika ya misaada yakajaa mjini, kila aliyejua kukaanga yai Kigoma alijiita mwenye hoteli. Bi Mwanamvua wa Kasingirima hakujiita chochote. Alikuwa na mgahawa wa mabenchi, samaki wa ziwani, migebuka mikavu iliyoungwa kwa mawese, na ulimi mkali kuliko pilipili yake.

Kisha ikafunguliwa hoteli mpya njia ya Katonga, yenye ukurasa wa Facebook. Kila siku picha: sahani pana kama ungo, samaki mmoja katikati kama maiti anayesubiri ndugu, na jani juu yake la kumfariji. Madereva wa mashirika wakahamia huko, wakiongozwa na Gervasi, aliyekula kwa Mwanamvua tangu hajaota kitambi. Sisi tuliobaki tulisifiwa kwa uaminifu. Kumbe hatukuwa na nauli ya Katonga.

Mwanamvua akaanza kupika sufuria ndogo, halafu ndogo zaidi. Hali ikiendelea hivyo, angefunga mgahawa akalime kwa dada yake kijijini Simbo, na jembe alikuwa halipendi hata likiwa la mwenzie.

"Mama, na sisi tuingie mtandaoni," akasema binti yake, Yasmini.

"Huko nitawakalisha wapi?"

Yasmini akaipiga picha sufuria inavyochemka, mawese mekundu yamepanda juu, akairusha. Jioni akasoma maoni kwa sauti: "'Mate yananitoka, mama. Nimekumbuka kwetu Rumonge. Ni mimi Leonia, niko kambini.'"

Mwanamvua akaweka mwiko chini. "Huyu ameona chakula chetu?"

"Ameona picha."

"Na hajala?"

"Mama, picha inaliwa?"

"Basi umemfunulia mtu sufuria, ukamfunikia usoni! Mtu akikukuta unakula, unamkaribisha. Hata kama moyoni unaomba akatae, mdomo unakaribisha. Na huyu hajakataa!"

"Walioipenda wako wengi, utawalisha wote?"

"Hao wengine wana majiko yao."

Asubuhi Mwanamvua alisimama barabarani, sufuria imefungwa kwa kanga, akalizuia gari jeupe la Gervasi.

"Shikamoo, mama," Gervasi akasema, macho kwenye usukani kwa aibu.

"Marahaba. Mpelekee Leonia, Mrundi wa Rumonge, kambini."

"Mama, gari la shirika halibebi mizigo ya watu."

"Na kitambi hicho, kinachopanda humo kila siku, ni cha shirika?"

Sufuria ikapanda. Vumbi la njia ya Kasulu likamlazimu Gervasi kufunga vioo, akabaki na harufu ya mawese mpaka kambini. Baadaye alikiri kwamba njiani alifunua mara moja, kuhakikisha haijamwagika. Alihakikisha kwa kidole.

Leonia naye akarusha picha yake: wanawake wameizunguka sufuria, mikono yote ndani, hakuna jani. Chini yake aliandika, "Mama wa Kigoma tusiyemjua ametukaribisha. Murakoze, asante sana." Picha ile ikapita simu hadi simu, kwa wauguzi, walinzi na madereva. Wiki ile magari meupe yakaziba uchochoro wa Kasingirima hata mbuzi wakakosa pa kupita.

Gervasi ndiye aliyerudisha sufuria. Ilikuwa imesuguliwa inang'aa, na haikurudi tupu: ndani mlikuwa na maharage, kitita kidogo kilichotolewa kwenye mgao wa kambi.

Mwanamvua akayatazama kwa muda, akasema moshi unamuumiza macho. Jiko lilikuwa bado halijawashwa.

"Alhamdulillahi," akasema. "Mtu amekimbia kwao na nguo moja, na bado anajua kurudisha chombo."

Akayapika kwa mawese. Yasmini akainua simu, mama yake akamshika mkono.

"Subiri. Pakua kwanza ya Leonia, umpe Gervasi. Halafu piga picha mpaka simu iungue."

"Na mimi je?" akauliza Gervasi kutoka kwenye benchi lake la zamani.

"Wewe umeshahakikisha."

Lakini alimpakulia, tena sahani ikafurika.