Mwanamke Aliyeomba Mume Jukwaani

Mji mzima wa Altenried ulijua kwamba Diwani Kaspar Ehinger alikuwa akimpiga mkewe. Walburga Stöcklin alijua zaidi, maana ndiye aliyefua foronya za nyumba ile na kuzianika majanini kando ya mto, na damu haifichiki kwa mfuaji. Alikuwa amepita miaka thelathini, hajaolewa.

Mke wa diwani alikutwa ghalani, amekabwa koo. Akakamatwa Veit Rümelin, mfumaji aliyepeleka kitani pale asubuhi ile. Ikasemwa yeye na marehemu walikuwa wapenzi, na mji ukapata cha kutafuna majira yote ya baridi. Kesi husikilizwa na madiwani wenyewe, na Ehinger ni diwani. Siku ya kesi ya Veit alisogeza kiti chake nyuma kidogo, kwa heshima ya msiba, akabaki mle mle chumba cha kesi.

Walburga alimwendea karani na habari ya foronya.

"Ulimwona akipiga?"

"Niliona damu."

"Hata mimi hutokwa damu puani, bibie. Nenda kafue."

Mnyongaji alimning'iniza Veit kwa mikono mpaka akakiri, akahukumiwa kukatwa kichwa kwa upanga. Ikabaki desturi moja tu: mwanamwali mwenye sifa njema anaweza kumwomba aliyehukumiwa kufa awe mumewe, na jaji mkuu, akipenda, atamwachia.

Walburga alifika sokoni nywele zimefumuliwa, kama inavyompasa mwali, akapiga magoti mbele ya jukwaa aliposimamishwa Veit, akamwomba awe mumewe. Yeye na Veit hawakuwahi kusemezana zaidi ya habari za kitani.

"Wenzake huja sokoni kununua nguruwe," alisema muuza kabichi. "Huyu kaja kununua mume."

"Tena aliyekwisha fumuliwa mishono," akajibu mwenzake, na watu wakacheka.

Jaji mkuu alimtazama Ehinger kabla ya kujibu. Ehinger akaitikia kwa kichwa. Maiti huacha ndugu wa kulalamika, aliyeachiwa huapishwa kunyamaza. Veit alitakiwa kuinua vidole vitatu, aape kwamba hukumu ilikuwa ya haki na kwamba hatailalamikia popote maisha yake yote. Akivunja kiapo, atarudishwa kwenye upanga bila kesi.

"Nikiapa, nimeua," Veit alinong'ona.

"Usipoapa, umekufa. Inua mkono," Walburga alimjibu.

Mkono haukuinuka, bega lilikuwa limeteguka. Walburga akamshika kiwiko, akauinua yeye.

Kwa watu wa Altenried, aliyeguswa na mnyongaji ni najisi. Chama cha wafumaji kilimfuta Veit, na hakuna aliyekubali kukaa naye meza moja ya bia. Kazi aliyopata ni kuchuna mizoga ya ng'ombe nje ya ukuta. Walburga naye alikosa wateja, kwani nani angelalia shuka zilizofuliwa na mke wa mchuna mizoga? Waliishi hivyo, wakazoeana, na baada ya miaka wakapendana.

Ndipo mke wa pili wa Ehinger alipokutwa amekufa chini ya ngazi. Safari hii alikamatwa mjakazi wa jikoni, Ottilie. Mama yake Ottilie akatoka mjini, akaingia nyumbani kwa Walburga na Veit, nyumba ambayo hakuna jirani aliyewahi kuingia.

"Dada Walburga, ninyi mnamjua yule mtu. Semeni."

Veit aliweka kisu chini. "Nitasema."

"Utasema nini?" Walburga alimuuliza. "Watakukata wewe leo, na binti yake kesho."

"Ulipomtaka wako, ulipiga magoti mbele ya mji mzima," mama alisema. "Wangu hana hata mtu wa kumsemea?"

"Wako ni mwanamke, mama. Hakuna desturi ya kumwomba mwanamke."

"Hilo nalijua. Ndiyo maana nimekuja kwenu."

Mama alingoja, kisha akatema mate kizingitini, akaondoka. Veit alichukua kofia yake. Walburga akamtangulia mlangoni, akatia komeo, akauegemea mlango kwa mgongo. Alikuwa mwanamke mdogo wa mwili. Veit angeweza kumsogeza kwa bega moja. Alisimama na kofia mkononi mpaka nyayo za yule mama zikaacha kusikika barabarani. Kisha akaketi.

Ottilie alikatwa kichwa siku ya Ijumaa.